Taraki ya Allah Wasaya

Kwao Allah Wasaya, kusini mwa Punjab, mtu akipandishwa cheo husemwa amepata taraki. Neno hilohilo hutumika nchi ikiendelea, mtoto akifaulu masomo, hata nyati wa kufugwa akizidisha maziwa. Ndiyo maana mama mkwe wake, Bibi Bakhtan, hakukosa pa kumchomea.

"Mkwe wangu, nyati wangu kapata taraki. Wewe je?"

"Bado, mama. Labda nianze kula majani."

Wasaya alikuwa mpeperusha bendera katika stesheni kubwa ya reli, na aliipeperusha mpaka ndevu zikaingia mvi. Waliomkuta kazini walikuwa wamekwisha kuwa wakubwa zake. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa wa kwanza kujicheka. Alisema ngazi ya vyeo yeye kazi yake kuishikilia, isije ikayumba wenzake wakipanda.

Basi siku alipoitwa ofisini akaambiwa amefanywa stesheni masta, alimwomba karani arudie. Jina la stesheni alilisikia, ila hakuuliza ikoje. Alinunua halua akaigawa mtaa mzima, akashona kizibao cheusi, kisha akajitapa mbele ya mama mkwe: "Njoo na Zohran mnitembelee. Pandeni treni ya asubuhi, mshukie kwangu. Viti vitakuwa tayari!" Zohran, mkewe, alimtazama tu, akitabasamu.

Stesheni yenyewe ilikuwa ukingoni mwa jangwa. Palikuwa na jengo moja, mbuzi kadhaa, na mfagiaji mzee aitwaye Pannu, aliyempigia saluti.

"Treni ya kwanza inafika saa ngapi?" Wasaya aliuliza huku akinyoosha kizibao.

"Kupita zinapita, bwana mkubwa. Kusimama ndiyo hazisimami. Abiria walikwisha zamani."

"Sasa kazi yangu mimi nini?"

"Kuzipungia bendera zipite."

Wasaya alicheka mpaka akakaa chini. Kazi ni ileile, tofauti ni kofia! Lakini kicheko kilipokwisha alikumbuka halua aliyogawa. Mara kwa mara alishika simu amweleze mkewe, na kila mara akaishia kumuuliza hali ya mafua yake.

Asubuhi moja Zohran alipiga yeye. "Baba Akmal, tuko ndani ya treni! Mkata tiketi alisema haisimami huko, mama akamwambia, 'Mkwe wangu ndiye mkubwa wa pale, ataisimamisha.'"

Kabla hajajibu, simu ikakatika, na reli zikaanza kutetema.

Wasaya alisimama kwenye jukwaa la stesheni, bendera ya kijani mkono mmoja, nyekundu mkono wa pili. Kuinua nyekundu kulihitaji nguvu za mtoto tu. Akainua kijani.

Treni ikapita kwa kishindo. Dirishani alitokeza Bibi Bakhtan, shela ikipepea. "Simamisha! Wewe si mkubwa wewe? Simamisha, mwanaharamu!" Wasaya akampigia saluti.

Wanawake hao walishuka stesheni ya mbele, wakarudi alasiri kwa bajaji ya mizigo, wamekaa juu ya magunia ya vitunguu, vumbi hadi kwenye kope. Zohran alikuwa akijizuia asicheke. Mama yake hakuwa na mzaha hata chembe.

"Umenipita kama mlingoti wa umeme!"

"Wewe ndiye uliyenipita, mama. Mimi nilikuwa nimesimama."

"Usinichezee! Kumbe taraki gani hii?"

Hapo Wasaya akavua kofia, akasema yote: kwamba hapasimami kitu, kwamba alijitapa kabla ya kuuliza, kwamba ni bendera ileile. "Ningeinua nyekundu, mama, leo ungekuwa na mkwe asiye na kofia wala bendera. Nimekuwa mkubwa wa mbuzi. Na hao mbuzi nao si wangu, ni wa Mzee Pannu."

Bibi Bakhtan alimkazia macho. Mabega yakaanza kumtikisika, kisha akaangua kicheko, machozi yakichora njia katika vumbi la mashavu. "Mwana wa watu! Nami nimewatambia behewa zima!"

Walikula dengu na chapati pale nje. Kurudi kwa bajaji ya vitunguu Bibi Bakhtan alikataa katakata, na treni hazikuwa za kumchukua, kwa hiyo akakaa. Kufika Ijumaa alikuwa amejiwekea kitanda cha kamba jukwaani, akivuta tumbaku kwa buruma na kuzikemea treni kila zikipita, huku Wasaya akipunga bendera pembeni yake. Mzee Pannu alianza kumwita bibi huyo bwana mkubwa.