Mzee Aliyerudishiwa Jembe

Mwaka huu kamati ya watu wa nyumbani kwake iliniomba niandike kurasa mbili kuhusu maisha ya kazi ya jaji wetu, zisomwe siku ya kumpongeza kwa kupanda cheo. Walinichagua kwa sababu nilikuwa karani na mkalimani wake kwa miaka sita, alipokuwa hakimu katika mahakama moja ya kaunti hii ya Kwale, ambayo sitaitaja.

Kurasa mbili zilijaa bila taabu. Alizaliwa Msambweni, baba yake akiwa mkwezi wa minazi. Alifundisha shule ya msingi Tiwi. Baadaye akawa karani wa ofisi ya ardhi, akisoma sheria wakati wa likizo, na alipopata shahada alikuwa tayari ana watoto watatu. Akawa mwendesha mashtaka, kisha hakimu. Hakuwahi kuchelewa kikao. Hakupokea hata dafu kutoka kwa mtu mwenye kesi. Yote hayo ni kweli na niliyaandika.

Kesi ninayoieleza hapa haikuingia katika kurasa zile. Nilimwuliza kama naweza kuiandika. Akasema niiandike, lakini nisimpunguzie yeye sehemu yake wala nisijipunguzie yangu.

Kwanza nieleze kazi yangu. Shahidi alisema kwa Kidigo au Kiduruma, mimi nikatafsiri kwa Kiingereza, hakimu akaandika kwa mkono. Nisichokitamka hakikuandikwa, na kisichoandikwa hakikuwapo. Hakimu wetu alikijua Kidigo tangu utotoni, lakini alikaa kimya kila mara, kalamu juu ya karatasi, hadi nimalize kutafsiri. Alikuwa akisema kwamba hakimu anayehukumu kwa mambo anayoyajua mwenyewe ni shahidi asiyeweza kuulizwa maswali. Mimi sikusoma sheria chuoni. Nilisoma vitabu vilivyokuwa vimerundikwa masjala, kimoja baada ya kingine, nikiandika pembeni maneno nisiyoyajua. Nilimwona hakimu yule kuwa ndiye sheria yenyewe iliyovaa koti.

Mdai alikuwa mzee wa upande wa Mkongani, asiye na mtoto. Aliomba amri ya kuwazuia wana watatu wa marehemu kaka yake wasiingie shambani mwake. Walikuwa wameng'oa miti ya mpaka na kupanda mihogo yao. Katika mji wao, yaani makao ya ukoo, watoto wawili walikuwa wamekufa kwa homa msimu mmoja, na baada ya matanga watu wakaanza kunyamaza mzee huyo anapopita. Hakuna aliyetamka neno uchawi mahakamani. Halikuhitaji kutamkwa. Kwetu, mzee mwenye mvi na shamba zuri anajua neno hilo linapokuja, kama anavyojua mvua kwa harufu.

Siku ya kwanza alikuja na nywele nyeupe kabisa. Siku ya pili zilikuwa nyeusi ti, zimepakwa piko. Askari wa mlangoni akamtania.

"Mzee, watafuta mke wa pili?"

"Huyu mmoja ndiye aliyenipaka," mzee akajibu, akimwonyesha mkewe aliyekuwa nyuma yake. "Asema nikiwa kijana nitaishi."

Tukacheka sote, hata mkewe. Wale vijana watatu walikuwa wamekaa karibu. Wakainuka, wakasema, "Shikamoo baba," mmoja akamshika mkono kupanda ngazi, mwingine akamletea maji. Walikuwa wakifanya hivyo kila siku ya kesi. Sijawahi kuona wadaiwa wenye adabu kama wale.

Kizimbani mzee alieleza mpaka wa shamba kwa utaratibu, mti kwa mti. Hakimu akamwuliza kama wadaiwa wamewahi kumpiga. Akasema hapana. Kumtukana? Hapana, walikuwa wakimwamkia asubuhi na jioni.

"Basi kwa nini unasema unahofia maisha yako?"

Mzee akashika ukingo wa kizimba. "Majirani wameanza kunirudishia vitu," akasema. "Jirani yangu aliazima jembe tangu mvua za mwaka jana, juzi akalileta, amelisafisha. Mwingine akaleta mbuzi ya kukunia nazi. Jana bibi mmoja alikuja kunitaka radhi, asema kama alinikosea nimwie radhi. Hajanikosea. Nilimwuliza, mimi nasafiri? Akalia, akaenda zake."

Nilitafsiri kila neno. Jembe, mbuzi ya nazi, radhi, machozi. Sikuacha kitu wala sikuongeza kitu.

Mtu yeyote wa pwani hii anajua maana yake. Mtu hataki kubaki na kitu cha maiti mikononi mwake, wala na kosa ambalo mwenyewe hayupo tena kulisamehe. Watu hurejesha na kutakana radhi mtu anapokwenda Hija, au anapougua ugonjwa usioponeka. Mzee huyu hakuwa anakwenda Hija, na alikuwa mzima. Majirani walikuwa wamesikia jambo. Hawakuthubutu kulisema, lakini walikuwa wanajitayarisha kwa ajili ya Akhera yao wenyewe.

Ningeweza kusimama na kuomba ruhusa ya kueleza mila. Kanuni zinakubali, na nilikuwa nimezisoma. Nilimtazama hakimu. Alikuwa amenyamaza, kalamu juu ya karatasi, akinitazama mimi. Kisha akaandika nilichotamka, akaita shahidi wa pili.

Uamuzi ulisomwa baada ya wiki mbili. Ulikuwa mzuri, kurasa nne, hauna kosa. Mdai hajathibitisha tishio lolote. Ushahidi wake mwenyewe unaonyesha kwamba majirani wanamtendea wema. Kuhusu mpaka, kesi kamili itasikizwa baada ya miezi miwili. Ombi limekataliwa. Nilimtafsiria mzee. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Haya, ahsanteni," akavaa kofia yake. Vijana walikuwa wanamngojea chini ya ngazi wamsaidie kushuka.

Hakuufikia mwezi wa pili. Alipatikana asubuhi kwenye mpaka wa shamba lake, amekatwa kwa panga. Polisi waliuliza nyumba kwa nyumba, na nyumba kwa nyumba waliambiwa kwamba watu walikuwa wamelala.

Vijana walikuja mahakamani kabla ya arubaini. Walivaa kanzu safi. Wakanipa kibali cha mazishi, wakataka kujua faili litafungwa lini, kwa kuwa mdai ameondoka na warithi ni wao. Kisheria hawakukosea sana. Nikampelekea hakimu kibali kile chumbani mwake. Akakisoma pande zote mbili.

"Wewe ni mtu wa Matuga," akaniambia. "Yale aliyoyasema ya jembe. Ulijua maana yake?"

"Nilijua, Mheshimiwa."

"Mbona hukuomba kueleza?"

"Nilingoja uniulize." Kisha nikasema jambo ambalo karani hamwambii hakimu. "Nawe Mheshimiwa ni mtu wa Msambweni."

Hakukasirika. Alitazama dirishani, ukungu ulikuwa bado haujaondoka mlimani.

"Mimi nilingoja uniambie," akasema.

Hatukuzungumza tena juu ya hilo kwa miaka mingi. Lakini hakufunga faili. Marehemu alikuwa na mke, na mke ni mrithi. Aliagiza mjane aje mwenyewe aseme kama anaiendeleza kesi. Vijana walijibu kwa upole kwamba mama yao mdogo yumo edani na hayawezi mambo ya mahakama. Hakimu akawaambia mahakama itangoja mpaka eda iishe, na hadi siku hiyo faili litakaa mezani kwake. Nilijua kwamba hilo lilimpa mjane miezi mitatu hivi, kwa sababu asingeguswa kabla hajasema. Nilijua pia kwamba miezi hiyo itakwisha.

Alipokuja walikuwa wamemshika mikono, mmoja kulia, mmoja kushoto. Buibui lake lilikuwa jipya. Wa tatu alibeba mkoba wake.

"Mama, unataka kuendelea na kesi ya marehemu mumeo?" hakimu akauliza, nami nikamtafsiria.

"Sitaki."

"Hakuna aliyekulazimisha?"

"Hakuna. Watoto hawa wananitunza sana. Wamesema nisipike tena, wataniletea chakula wao wenyewe."

Nilitafsiri. Safari hii sikukaa. Wale watatu walikuwa wananitazama, na mimi pia nilikuwa na nyumba isiyo mbali na Mkongani. Nikaomba ruhusa ya kueleza maana ya maneno hayo kwa watu wa sehemu hizi, na maana ya yale aliyoyasema mumewe mahali palepale. Hakimu akasema, "Eleza." Nikaeleza polepole kwamba kwetu mtu akikatazwa kupika na wanaongoja mali yake, chakula chao ndicho kitakachomuua, naye akaandika kila sentensi. Vijana walikuwa na wakili siku hiyo, akapinga. Hakimu akaliandika na pingamizi lake.

Kisha akaamuru mjane asirudi mji ule hadi polisi wamalize uchunguzi, na askari wa mahakama wampeleke kwa dadake Msambweni mchana huohuo. Vijana wakainama, wakasema, "Ahsante Mheshimiwa." Wa tatu akaweka mkoba juu ya meza yangu taratibu. "Twakujua kwako," akaniambia, kwa sauti ya mtu anayeaga. Uamuzi ule ulikatiwa rufaa na sehemu yake ikatenguliwa. Shamba ni lao hadi leo. Mimi nilihamia Ukunda.

Nilimsindikiza mjane hadi kwenye gari. Alikuwa mzito kupanda, nikampa bega. Alipokaa akaniangalia kwa mara ya kwanza.

"Mume wangu si alisema?" akaniuliza. "Nilikuwa nimekaa nyuma. Alisema vizuri."

"Alisema, mama."

"Nawe ulimsikia?"

"Nilimsikia."

"Na yule mkubwa?"

Nikamwambia kwamba naye alisikia. Akatikisa kichwa, akavuta buibui lake lisibanwe na mlango, akamwambia dereva twende.