Fundi wa Barua za Haraka

Fundi wa seva katika kampuni yetu ya usafi hapa mjini Oulu huvua viatu mlangoni na kushinda na soksi za sufu. Vidole vyake hugonga meza hata asipokuwa na la kuandika. Meza hiyo nimeifuta miaka kumi na tisa. Kahawa yake hupoa, akaipasha, ikapoa tena. Huzungumza na mitambo kwa sauti ya chini, kama anayembembeleza ng'ombe mkaidi: "Haya mzee, twende."

Wiki nzima, huku fununu za kupunguzwa watu zikitunyima usingizi, alihangaika na barua pepe ya wakubwa kwa wafanyakazi wote, kwa kuwa ile ya mwaka jana ilichukua saa tano kuwafikia. Mimi sikusoma sana, lakini alinieleza nikaelewa. "Dada Raija, seva ilikuwa inabisha hodi upya kwa kila barua. Sasa itabisha mara moja, ipitishe mia." Jana asubuhi alibonyeza, akaegemea kiti, macho mekundu. Simu ikatetemeka kwenye aproni yangu.

"Imefika?"

Nikasoma polepole. Wasafishaji wote wa Oulu tunaachishwa kazi mwisho wa mwezi.

"Imefika."

"Saa ngapi?"

"Saa nne na dakika mbili."

Akapiga makofi. "Umeona? Hata dakika haijapita!" Kisha akapiga mwayo mrefu, akajikuna shingo. "Hivi ilikuwa inasemaje, hiyo barua?"

"Isome mwenyewe," nikamwambia, nikabeba ndoo yangu kwenda kudeki ngazi.