Mbeti na Kadi 640 za Ngoma ya Sikio

"Zimepangana, Mama Mutisya. Nipe niende!"

"Zimepangana wapi? Umeziangusha kwa ngazi ukaziokota kama maharagwe."

Ni saa nane na nusu mchana, Barabara ya Jogoo, mwaka 1979. Mbeti Matheka, yaani Mama Mutisya, mtoboa kadi za kompyuta wa miaka 34, amekumbatia sanduku la kadi 640. Mbele yake amesimama Walter Andati, mhadhiri, macho kwenye saa. Kompyuta ya mjini inamngoja saa tisa. Akiikosa, zamu nyingine ni baada ya wiki mbili, na madaktari wanataka majibu Ijumaa.

Matundu ya kila kadi huieleza kompyuta unene na mkazo wa sehemu moja ya ngoma ya sikio. Ikizisoma kwa mpangilio, hupiga hesabu ya jinsi ngoma hiyo inavyotikisika sauti ikiingia. Kwa majibu hayo, madaktari wataamua unene wa ngozi ya kuziba masikio yaliyotoboka ya watoto.

Mbeti hupiga mstari mwekundu wa mshazari kwenye kingo za kadi za kila bunda. Kadi ikihama, mstari hukatika. Leo umekatika mahali kumi na moja.

"Ngozi ya katikati umeipeleka pembeni," anasema. "Mashine haitakataa. Itakupa uongo, tena wenye desimali."

"Kazi yako ni kutoboa, mama. Hesabu niachie mimi."

Mbeti anaishi Kaloleni, chumba kimoja na watoto wanne. Mshahara wake ni shilingi 850. Waandishi wa programu hupata mara tatu yake, "na wengine," husema, "ni mimi niliwafundisha kushika kadi." Ameomba masomo ya jioni ya programu. Fomu inataka sahihi ya mhadhiri, na mwisho wa kuipokea ni leo saa kumi na moja.

Walter anaitoa mfukoni fomu hiyo, ambayo Mbeti alimwachia aitie sahihi, anaikunjua mezani, anafungua kalamu.

"Nipe kadi, niweke sahihi. Tusikosane."

Mbeti anaitazama. Haisogelei.

"Kuzipanga upya ni kazi ya saa tatu nzima," anasema. "Mimi mwakani nitaomba tena. Mtoto wa mtu akizibwa sikio vibaya, yeye ataomba wapi?"

Anainua simu, anaita chumba cha kompyuta.

"Ni Mbeti. Zamu ya Andati ya saa tisa, mpeni mwingine."

Anakata. Anavuta kiti, anafungua sanduku, na kutoa kadi ya kwanza.