Bomba la Moshi la Mama

Kibuyu hiki hukaa juu ya rafu yangu ya vitabu, chumbani kwangu Nairobi, na kila ninapokizibua hutoa harufu ileile: moshi wa kuni za mgunga, mkavu, mkali kidogo, kama chai iliyosahauliwa motoni. Wageni hudhani ni pambo. Ndani mna punje chache za mahindi. Sina shamba la kuzipanda, na siwezi kuzitupa. Ngoja niwaeleze kwa nini.

Tulikaa karibu na Kasikeu, mimi, mama na susu, kama tunavyomwita nyanya kwetu. Susu alikuwa mama yake baba, na baba alifanya kazi Mombasa, tukimwona Krismasi. Jiko letu lilikuwa kijumba cha udongo kilichoezekwa nyasi, mafiga matatu katikati, na juu ya moto uchaga wa fito ambako susu alipanga mahindi ya mbegu. Moshi ulitokea popote ulipopata upenyo. Kuta, fito, hata vikombe, vyote vilikuwa vyeusi, na mama alikohoa. Alikohoa akisonga ugali, akiimba kanisani, akiniita kutoka shambani. Nilipokuwa na miaka tisa alilazwa siku nne, akivuta pumzi kama mtu anayepanda mlima, na daktari akamwambia kwa maneno machache kwamba asipoachana na moshi, kifua hicho hakitapona.

"Sasa niache kupika?" aliniuliza tukirudi nyumbani, kana kwamba mimi ndiye daktari.

Nikamwambia amwombe baba alete jiko la stima. Nyaya za stima zilikuwa mbali sana na kwetu. Mama alicheka mpaka akakohoa.

Wiki hiyohiyo alienda sokoni kwa fundi Musembi, aliyejulikana kwa ndoo na koroboi, akamwagiza bomba la mabati. Kisha akaita mwethya, kile kikundi cha majirani wanaolimiana mashamba na kujengeana nyumba. Wanawake walikanda udongo wa kichuguu kwa miguu wakiimba, wakajenga jiko lenye mdomo mmoja wa kuni na tundu la bomba nyuma. Fundi akapanda juu, akatoboa nyasi, akapitisha bomba katikati ya paa, akashuka akijipangusa mikono.

"Fundi," nikamuuliza, "bomba likishika moto, nyasi je?"

"Mama Mwikali, huyu wako ni mtoto au ni polisi?" Wanawake wakaangua kicheko. Fundi akanigeukia. "Moshi si moto, mama. Endelea kucheza."

Susu hakucheka. Aliutazama uchaga wake, akasema, "Moshi una kazi humu ndani." Hakuna aliyemuuliza ni kazi gani. Hata mimi, niliyewachosha watu wote kwa maswali, nilidhani ni mambo ya wazee tu.

Ugali wa kwanza haukuiva. Nyasi zilizoligusa bomba ziligeuka kahawia, zikaanza kufuka, halafu mwali mdogo ukachungulia. Susu ndiye aliyeuona. Mitungi ilipita mkono kwa mkono, na maji tuliyochota asubuhi kwenye mchanga wa mto, maji ya siku nzima, yakaishia paani.

"Si uache tu?" jirani mmoja akamwambia mama. "Sisi sote tumelelewa ndani ya moshi."

"Na sisi sote tunakohoa," mama akajibu.

Siku mbili alilizunguka jiko lile akiwa na kijiti, akipima. Kisha akamwita fundi, ambaye safari hii alikuja bila mzaha. Bomba lilitolewa paani, likapitishwa ukutani. Mahali lilipopita palizungushiwa mawe na udongo, shibiri moja kila upande, lisiguse hata ufito. Huko nje lilipinda likapanda juu, mbali na ncha za nyasi, likashikiliwa kwa nguzo ya chuma. Mama alikataa liishie usawa wa paa. "Cheche zitaangukia wapi?" akauliza, na fundi akaongeza kipande kingine, kisha kofia ya bati. Moto wa kwanza ulikuwa wa vijiti vitatu. Nilitumwa kuweka kiganja ukutani, nikitaja kama ni vuguvugu au unaunguza, huku mama amesimama na mtungi uliojaa. Ikawa sheria: hakuna kupika bila mtungi mlangoni, na kila mwisho wa mwezi masizi yanasuguliwa kwa furushi la katani.

Tulianza kuonana nyuso tukila. Kikohozi cha mama kikapungua, kikawa cha asubuhi tu, kisha kikaisha.

Mwezi wa kumi, tukisubiri mvua, susu alishusha mahindi yake uchagani. Yalimwaga unga mikononi mwake. Fukusi walikuwa wameingia, kwa sababu moshi uliokuwa ukiwafukuza sasa ulitoka nje kwa bomba. Mama aliokota gunzi, akaligeuza kwa muda mrefu.

"Niling'oe bomba, mama?" akamuuliza susu.

Susu alichambua punje nzima moja moja hadi jua likazama. Kesho yake mafiga matatu yalikuwa ndani ya kijumba chake alimolala, na uchaga juu yake.

Majirani walisema mkongwe amekataa jiko la mkaza mwana. Niliona aibu. Niliingia nikamwambia shuleni tumefundishwa kwamba moshi ni mbaya.

"Najua," alisema, akisukuma kuni. "Toka nje, usije ukakohoa."

Nilipofika chuo kikuu nilimtaja darasani kama mfano wa wazee wanaoogopa vitu vipya, na darasa likanisikiliza vizuri. Likizo hiyo nilimkuta susu amelala, akivuta pumzi kwa namna niliyoikumbuka. Mama, kifua chake kizima, alikuwa ameketi mlangoni kwake.

"Kila mwaka nimemwomba mbegu hizo zirudi kwangu, na moshi wake," mama aliniambia. "Husema mimi nina mtoto wa kulea, na yeye ameshamaliza kulea."

Susu alipofariki nilipewa kibuyu. Bomba bado limesimama, na mama bado anaimba kanisani. Alipokuwa hai, kila Novemba tulipanda mbegu zilizotoka katika kijumba kile cha moshi. Nilikula ugali wa mbegu hizo miaka yote hiyo, nikiuliza maswali mengine.