Katoni ya Povu

Mume wangu ukimuuliza jambo leo, atakujibu kesho. Ni dobi, anafulia uani kwetu tangu kabla hatujaoana, na mtaa mzima unamwita Povu. Mimi ndiye ninayeongea kwa niaba yetu wote wawili, na sioni aibu.

Wiki ile matroni wa zahanati alimpa kazi ya majaribio: mashuka ya wodi ya wazazi, yafike safi Jumamosi asubuhi. Yakifika, kazi ni yetu. "Nikikosa shuka la kitanda hata kimoja," alisema matroni, "nampa mwenye mashine ya kufulia." Usingizi ukaniruka hapo hapo. Nilikuwa nimechoka na wateja wa mashati wanaolipa kwa maneno matamu.

Jumatatu Povu akaenda dukani. Kwa kawaida hununua miche michache tu ya sabuni, lakini mashuka ya wazazi yana damu, yanataka kufuliwa na kurudiwa. Basi akarudi na katoni nzima begani, mchana kweupe. Na redio ilikuwa imeshinda ikisema malori ya bidhaa yamekwama mpakani! Mama Pacha, jirani yetu wa mlango wa pili, akamwita: "Shemeji, kulikoni katoni nzima?" Povu akatabasamu, akapita. Alitabasamu tu, jamani.

Basi ikawa hiyo. Dobi akibeba katoni, watu wakasema, kuna kitu amesikia. Kufika jioni duka lilikuwa halina hata mche mmoja. Kesho yake Povu anakwenda kuongeza, anakuta rafu tupu na mwenye duka anajipepea.

Alhamisi sabuni yetu ikaisha, nusu ya mashuka yangali yamelowekwa kwenye mapipa. Nikatoka. Duka la kwanza hakuna, la pili hakuna, la tatu wamefunga kabisa. Nikaona foleni, nikajitosa. Sikuuliza ni ya nini. Aliyekuwa mbele yangu naye hakuuliza. Watu wanasukumana, nami nikasukuma. Kufika mbele, chumvi! Nikanunua pakiti nne, na ya nyumbani haijaisha hata nusu. Nilirudi nikijitukana njia nzima, lakini sitasema uongo: nilipozishika zile pakiti, hofu ilitulia kidogo. Nilipofika uani na kuyaona mapipa, ikarudi yote.

Ijumaa sikukalika. Nafagia, naacha, nachungulia mapipa, nafagia tena. Povu amekaa kwenye kigoda, anatazama mikono yake. Mama Pacha akaingia kufuata sare za wanawe.

"Bado, shemeji," Povu akasema. "Sabuni hakuna."

"Huna sabuni wewe? Si ulibeba katoni?"

Hapo nikalipuka. "Katoni ya mashuka ya zahanati! Ya wanaojifungua! Ulidhani tunainywa?"

Mama Pacha akarudi nyuma hatua moja. "Mimi nilijua mmesikia kitu."

"Tusikie nini? Tumepata kazi! Na sasa inatuponyoka, kwa sababu sabuni ya mtaa mzima iko chini ya vitanda vyenu!"

Akaanza kujitetea, eti kila mtu alinunua, eti angefanyaje na ana watoto. Simu yake ikalia. Ni mkwewe: binti yake mkubwa ameshikwa na uchungu, wako zahanati, na wameambiwa waende na shuka kutoka nyumbani kwa sababu safi yamekwisha.

Mama Pacha akayatazama yale mapipa. Nilitamani kumwambia kitu kikali, nacho kilikuwa tayari ulimini, lakini mama wa watu alikuwa bado ameishika simu sikioni.

Akatoka mbio. Akarudi na katoni kichwani, gundi haijabanduliwa, akaitua miguuni pa Povu. "Fua, baba. Tafadhali, fua." Kisha akaenda kugonga milango ya majirani, anapiga kelele kuliko mimi, na mmoja mmoja wakaja na miche mikononi, macho chini. Tulifua wote. Hata mwenye duka alikamua.

Mashuka yalifika Jumamosi asubuhi, kazi ikawa yetu. Binti wa Mama Pacha alikuwa ameshajifungua, amelala juu ya kitenge cha mama yake. Nesi akamwinua taratibu, Mama Pacha akamtandikia shuka kwa mikono yake mwenyewe, akalinyoosha pembe zote nne, akilia.

Jumatatu malori yakaingia, sabuni ikajaa dukani. Povu akabeba katoni yake begani. Safari hii nilimfuata nyuma. Alipofika mlango wa pili akasimama, akakohoa, akasema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake: "Ni ya mashuka!"

Akaenda mlango wa tatu, akasimama tena.