Mwizi Aliyesalimia

Wanaomsifu Yotham Ndahani siku hizi wanasema alizaliwa na kipaji. Kipaji gani! Yotham alizaliwa Mkonze kwa baba aliyepiga watoto wake kwa chochote kilichokuwa karibu: mkanda, mpini wa jembe, siku moja redio. Hapo ndipo alipojifunza kuanguka. Aliniambia mwenyewe, akicheka, kwamba ukianguka mapema na kwa kelele, mzee anaridhika upesi. Akiwa na miaka kumi alishajua kufa vizuri kuliko waigizaji wote niliofanya nao kazi.

Mimi ni Evodia, mama Ritha, mtu wa Kondoa. Nimekuwa mke wake jukwaani miaka kumi na tisa. Kwenye maisha ya kweli nina mume wangu na yeye ana mke wake, kwa hiyo wenye midomo waifunge.

Alianza kanisani, kwenye igizo la Krismasi, akapewa Herode. Alipoamuru watoto wachinjwe, mama mmoja wa kwaya alivua kiatu akamtandika nacho usoni mbele ya mchungaji. Yotham alitokwa damu puani na akaendelea na maneno yake mpaka mwisho. Baadaye tukaanzisha kikundi chetu Chang'ombe, kwenye ua wa shangazi yangu, yeye akituandikia michezo kwenye madaftari ya shule. Alicheza polisi, mlevi, nabii wa uongo, hata bibi kizee mwenye wakwe wanne, na huyo bibi tulimcheka mpaka mbavu zikauma. Halafu watu wa televisheni wakamchukua, wakampa mume anayempiga mkewe kwa mkanda kila wiki. Mke mwenyewe ni mimi. Alikuwa akimwiga baba yake tu.

Basi mji mzima ukamchukia. Sokoni wauza nyanya waligoma kumhudumia, na muuza mchicha mmoja alimchapa kwa ufagio mbele ya mke wake wa kweli. Yeye akarudi kikundini uso umevimba, amefurahi kama bwana harusi. "Wamenichukia, mama Ritha," alisema. "Basi nimeweza."

Sisi hatukuwa tunapigana kimzaha. Yotham hakupenda kofi la hewani. Alitaka lisikike mpaka kwa aliyekaa nyuma kabisa. Kwa hiyo tulihitaji neno la kusimamisha, kama mtu ameumia kweli. "Acha" halikufaa, maana kila anayepigwa husema acha, na "nakufa" ndiyo kabisa. Yeye akachagua salamu ya kwao Wagogo: mbukwenyi. "Nani anapigwa huku anasalimia?" alisema. Ukiisikia unaacha papo hapo, hata kama mkono uko hewani. Apolinari, mwenzetu, alifukuzwa kikundini kwa kuongeza kofi moja tu baada ya neno hilo. Alilia, akaomba, akaleta na wazee. Yotham akasema hapana.

Mwaka juzi tuliombwa mchezo wa kukataza watu kuua vibaka. Yotham akauandika, akaamua tuucheze Kizota, katikati ya magereji, bila jukwaa wala tangazo. "Wakiona jukwaa watajifanya wastaarabu," alisema. "Nataka niwakute walivyo." Mpango ulikuwa hivi: yeye anakwapua mkoba wangu, mimi napiga kelele, wenzetu wanne waliojichanganya na watu wanamkamata na kumpiga kwa fimbo za sponji, kisha mwenzetu Ernest anatangaza kwenye spika kwamba jamani huu ni mchezo, tukae tuzungumze. Kwenye daftari ulipendeza. Na wajinga sisi tukakubali wote.

Jumamosi, saa tisa alasiri, akaukwapua mkoba. Nikapiga kelele: "Mwizi!"

Weee! Sijawahi kuona watu wakitoka haraka vile. Walitoka chini ya magari, wakatoka kwenye kibanda cha chipsi, mmoja mdomo bado umejaa. Wenzetu wanne walisukumwa pembeni na fimbo zao za sponji, na spika ya Ernest ikakanyagwa kabla hajaiwasha. Mtu akampiga Yotham kwa spana mgongoni, mwingine kwa mnyororo wa pikipiki. Akaanguka mwanguko wake ule wa Mkonze, mapema na kwa kelele, lakini hawa hawakuwa baba yake. Walimpiga mateke ya mdomo. Niliona jino likiruka na kudondokea kwenye oili chafu.

Naye akasema, "Mbukwenyi."

Nilimsikia. Polisi niliwaambia sikusikia, mume wangu nikamwapia hivyo hivyo, na kwa padri nikaenda kuungama jambo lingine kabisa. Lakini nilimsikia, Mungu ananiona. Tatizo ni kwamba sijawahi kupata watazamaji kama wale. Miaka yote nimelia na kugaragara mbele ya watu wanaotafuna karanga, na siku ile neno langu moja limeinua watu mia. Likanipanda kichwani. Nikanyanyua mikono yote miwili, nikapiga tena, kwa nguvu kuliko mwanzo: "Mwizi! Mwizi huyoo!"

Hapo ndipo akaja mtu na tofali la saruji. Ni fundi wa kuchomelea, anaitwa Bartolomayo, Mgogo wa Bahi. Jina nimelijua baadaye. Alilinyanyua juu ya kichwa cha Yotham. Yotham, mdomo umejaa damu, akasema tena kwa shida, "Mbukwenyi." Na yule bwana, kwa mazoea tu, kwa jinsi alivyolelewa, akaitikia: "Mbukwenyi." Akabaki amesimama na tofali lake, anaushangaa mdomo wake mwenyewe. Kisha akamtazama vizuri aliyelala chini.

"Jamani, huyu si yule mume mkorofi wa kwenye tivii?"

Akaweka tofali chini, akaanza kuwasukuma wenzake kwa mabega. Ndipo na mimi miguu ikakumbuka kukimbia, nikamlalia Yotham juu, teke moja nikalila mimi. Mtu asiyejua lolote kuhusu neno letu aliacha. Mimi niliyekula nalo kiapo ndiye niliyeongeza.

Taya lilivunjika mahali pawili, meno sita yakaenda, jicho la kushoto likabaki linaona ukungu. Alifungwa waya mdomoni, akanywa uji kwa mrija wiki nyingi. Waya ulipotolewa, maneno yalitoka yamelowa, kama ya mtu aliyetoka kung'olewa jino. Televisheni wakampa mtu mwingine ule mkanda. Mimi nilimpelekea uji kila siku, na kila siku niliogopa atafumbua mdomo na kuniuliza. Hakuuliza. Nikasema afadhali, amepigwa sana, hakumbuki.

Mwezi uliopita akaniita kwake Mkonze, akanipa daftari. Mchezo mpya. Nikausoma nikiwa nimekaa kwenye kigoda, yeye ananitazama kwa lile jicho zima. Nikafika ukurasa wa Kizota. Mke: Mwizi! Mume anaanguka, anasema mbukwenyi. Mke anasikia. Mke: Mwizi! Mwizi huyoo!

Daftari likanidondoka.

"Umeandika mara mbili," nikasema.

"Ulisema mara mbili."

"Umejua tangu lini?"

"Siku ile ile. Miaka yote hii naisikia sauti yako, nisiijue?"

Nikapiga magoti pale pale kwenye mchanga, nikalia, nikamwomba anitukane, anipige, afanye lolote. Akaniambia niinuke, nitachafua kanga.

"Apolinari ulimfukuza kwa kofi moja," nikasema.

"Nilimfukuza, na nilikosea. Hakujifunza kitu. Wewe sikufukuzi. Utaucheza mchezo huu, kila tutakapokwenda, na Bartolomayo amekubali kuja na tofali." Akaliokota daftari, akalifuta vumbi kwa kiganja. "Haya, tuanze. Hapa hapa."

Nikachungulia nje ya ua. Majirani walikuwa wanaanika nguo. Nikasema "Mwizi" polepole, karibu kwa kunong'ona.

Akatikisa kichwa. "Siyo hivyo," akasema kwa ule mdomo uliopinda. "Kama ile ya pili."