Mke wa Ushuhuda

Mimi Beatrisi, mzaliwa wa kambi ya mkonge huku Pongwe, sikuwahi kuwa mtu wa kujulikana. Lakini leo ukisafiri kati ya Tanga na Mwera, huenda abiria uliyekaa naye anazo habari za titi langu la kushoto. Mume wangu Hosea ndiye aliyemsimulia.

Miaka minne iliyopita nilipata uvimbe. Kanisa likaniombea siku tatu, kisha daktari akaukata. Kwenye ushuhuda wa Hosea, daktari hayumo. Si kwamba ni mwongo. Siku aliyousimulia usharikani wakapiga vigelegele, naye akaamini kila neno lililomtoka. Tangu hapo hasafiri bila mimi. Yeye anahubiri, mimi nasimama nasema, "Nimepona." Basi, kazi yangu ni neno moja.

Mwezi wa pili mwaka huu, nikioga, nikaugusa tena, pale pale. Nikanyamaza. Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Najua, sihitaji kukumbushwa. Lakini ningemwambia nani? Nikisema, nimemwaibisha Hosea, na kanisa, na Mungu mwenyewe. Nilibanwa kotekote, na hasira zikawa zinanifanya niunguze wali.

Wiki iliyopita tulikuwa tunatoka Mwera, tukapanda pantoni kuvuka mto Pangani. Hata haijaondoka vizuri, Hosea kashafungua Biblia. Zamu yangu ilipofika nikasimama, nikasema lile neno langu.

Mama mmoja wa baibui, bahasha ya hospitali mkononi, akatusogelea. Akajitaja kuwa ni Hasina.

"Dada, nami ninao uvimbe. Kesho wanikata huko Tanga, na kisu nakiogopa mno. Sisi Waislamu mwatuombea?"

"Mungu habagui, mama," Hosea akasema, uso umemng'aa. "Wewe amini tu."

"Basi sishuki. Narudi na pantoni hii hii, mje mniombee nyumbani."

Nilimsubiri Hosea amwambie aende kwanza hospitali. Badala yake alitoa simu akaandika namba ya mama huyo. Tukafika ng'ambo, watu wakaanza kushuka, Hasina kakaa kitako na bahasha yake mapajani.

"Dada Hasina, shuka," nikasema. "Mimi nilikatwa. Na sasa uvimbe umerudi."

Hosea akanishika mkono. "Beatrisi, watu wanasikia."

"Miaka minne wanasikia."

Akainamia Biblia yake. Nikamwonea huruma, na huruma yenyewe ikaniudhi.

Hasina akanigeukia. "Na wewe, hospitali umekwenda?"

"Bado."

Akainuka, akachukua mkoba wake. "Haya, nyanyuka twende zetu."

Nilitaka kwenda. Hosea alikuwa hajauachia mkono wangu.